Dawa ya damu inapokutana na viuavijasumu: Hatari ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi

MGONJWA aliyewekewa vali ya chuma moyoni huishi kwa kumeza dawa kila jioni, na aghalabu huambiwa ataimeza maisha yake yote. Dawa hiyo, wafarini, huizuia damu isigande juu ya vali na kumletea kiharusi.

Siku moja mgonjwa huyo anaanza kuhisi maumivu anapokwenda haja ndogo. Hana muda wa kupanga foleni hospitalini, hivyo anaingia katika duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu, anaeleza shida yake na kuondoka na vidonge vya Septrin. Muuzaji hamuulizi kama kuna dawa nyingine anayotumia. Naye haoni haja ya kusema.

Siku ya tatu maumivu yametulia. Siku ya sita anapopiga mswaki anaona povu jekundu, na ufizi haukomi kutoa damu. Kufikia mwisho wa juma kinyesi chake kimekuwa cheusi kama lami. Anapofikishwa hospitalini, tayari amepoteza damu nyingi tumboni.

Huo ni mfano tu, lakini madaktari wanaowahudumia wagonjwa wa moyo wanaijua vyema njia hiyo. Hakuna dawa kati ya hizo mbili iliyokuwa mbovu, na kila moja ilifanya kazi yake barabara. Tatizo ni kwamba zilikutana mwilini bila mtu yeyote kuwa na habari.

Wataalamu wa dawa wanasisitiza kuwa mtu anayetumia wafarini hajakatazwa viuavijasumu, yaani antibiotiki. Anapougua nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo, ni sharti atibiwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Anachohitaji ni daktari au mfamasia anayejua kuwa dawa hizo mbili zinatumika kwa pamoja, na kipimo cha damu kinachofanywa kwa wakati ufaao.

Wanaotumia wafarini ni akina nani?

Nchini Kenya, wengi miongoni mwa watu wanaotumia dawa hii ni wale ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huwapata hasa watoto na vijana baada ya maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi, ikiwa maambukizi hayo hayakutibiwa ipasavyo.

Kuna kinaya katika jambo hili. Mtoto ambaye angepewa penisilini mapema alipoumwa na koo huenda asingepata ugonjwa wa moyo kamwe. Sasa akiwa mtu mzima, ni lazima awe mwangalifu kila anapopewa viuavijasumu.

Kundi la pili ni la watu ambao damu yao imewahi kuganda ndani ya mishipa ya miguu au ya mapafu. Hali hiyo huweza kumpata mama aliyejifungua karibuni, mgonjwa aliyelala kitandani kwa muda mrefu baada ya upasuaji, au mtu mwenye saratani. Kundi la tatu ni la wale ambao moyo wao hupiga bila mpangilio, jambo linalofanya damu itulie katika vyumba vya moyo na kufanya mabonge.

Watu wengi huiita dawa hii "dawa ya kufanya damu iwe nyepesi". Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa damu haiwi nyepesi kama chai iliyoongezwa maji. Wafarini hupunguza uwezo wa damu kuganda, na hufanya hivyo kwa kuvuruga kazi ya vitamini K.

Ini la binadamu hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu anapokatwa au kujeruhiwa. Nne kati ya protini hizo haziwezi kufanya kazi bila vitamini K. Kwa kawaida mwili huitumia vitamini hiyo, kisha huitengeneza upya na kuitumia tena. Wafarini huziba njia ya kuitengeneza upya, na protini za kugandisha damu zikapungua siku baada ya siku.

Kwa sababu protini zilizokuwa tayari katika damu huchukua siku kadhaa kwisha, athari ya wafarini haionekani papo hapo. Kwa sababu iyo hiyo, kosa lililofanywa Jumatatu huenda lisijitokeze hadi Ijumaa au Jumamosi.

Kutoka sumu ya panya hadi dawa ya moyo

Historia ya wafarini inaonyesha jinsi mpaka kati ya faida na madhara yake ulivyo mwembamba. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakifa kwa kuvuja damu. Ilibainika kuwa mifugo hao walikuwa wamekula majani ya klova yaliyohifadhiwa vibaya na kuota kuvu.

Mnamo 1933, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alisafiri katika dhoruba ya theluji akiwa na mzoga wa mtamba na mkebe wa damu iliyokataa kuganda. Aliufikisha mzigo huo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Baada ya miaka kadhaa ya utafiti, kundi la Link liligundua kemikali iliyokuwa ikiwaua ng'ombe hao.

Kutokana na kemikali hiyo ilitengenezwa wafarini, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Jina lake lilitokana na herufi za kwanza za jina la wakfu wa wahitimu wa Wisconsin uliogharimia utafiti huo. Mnamo 1954 iliidhinishwa kutumiwa na binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo.

Hivyo basi, kitu kile kile kinachomuua panya kwa kumvujisha damu ndicho kinachomlinda binadamu dhidi ya kiharusi. Tofauti ni kiasi kilichomo mwilini, na kiasi hicho ndicho kinachoweza kubadilishwa na viuavijasumu.

Kipimo kinachomwongoza daktari

Ili kujua kama kiasi cha wafarini kinafaa, madaktari hutumia kipimo cha damu kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na INR inayokaribia 1. Mgonjwa ambaye damu yake iliganda mguuni, au ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio, kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye vali za chuma, hasa iliyowekwa upande wa kushoto kati ya vyumba viwili vya moyo, mara nyingi hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5.

INR ikishuka chini ya kiwango, mgonjwa yumo katika hatari ya damu kuganda na kuziba vali au mishipa ya ubongo. Ikipanda kupita kiasi, yumo katika hatari ya kuvuja damu. Inapovuka 5, hatari hiyo huongezeka kwa kasi, na damu inaweza kuvujia tumboni au hata ndani ya ubongo.

Mgonjwa aliyetulia kwa miezi kadhaa akiwa na INR ya 2.5 anaweza kujikuta amefikia 6 au zaidi katika muda wa wiki moja tu baada ya kuanza baadhi ya viuavijasumu, ilhali hajabadilisha dozi yake ya wafarini hata chembe.

Njia nne za mgongano

Wafamasia wanaeleza kuwa mgongano huu hutokea kwa njia kadhaa, na dawa moja inaweza kutumia zaidi ya njia moja.

Njia ya kwanza, na iliyo kubwa zaidi, hupitia katika ini. Ndani ya ini mna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuzivunjavunja dawa ili ziondoke mwilini. Baadhi ya viuavijasumu huvizuia vimeng'enya vinavyoivunja wafarini. Mgonjwa anaendelea kumeza kiasi kile kile, lakini mwili hauiondoi dawa kwa kasi ya kawaida. Dozi ya jana haijaondoka na ya leo imeingia, hivyo dawa inajikusanya mithili ya maji katika karai lenye tundu lililozibwa.

Njia ya pili hupitia katika utumbo. Wamo humo bakteria wengi wasio na madhara, na baadhi yao hutengeneza vitamini K. Viuavijasumu haviwachagui bakteria wabaya pekee, bali huwaua hata hawa wema. Vitamini K ikipungua, nguvu ya wafarini huongezeka.

Njia ya tatu imo katika damu yenyewe. Takriban sehemu 99 kati ya 100 za wafarini iliyomo katika damu huwa imeshikamana na protini iitwayo albumini, na ni ile sehemu moja iliyobaki huru inayofanya kazi. Baadhi ya dawa zinaweza kuibandua wafarini kutoka kwa albumini kwa muda, ingawa mchango wa njia hii huwa mdogo ukilinganishwa na ule wa ini.

Njia ya nne ni ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye homa kali hupoteza hamu ya chakula, na anayeharisha hafyonzi virutubisho vyote. Aliyezoea kula sukuma wiki, managu, terere au majani ya kunde kila siku, mboga ambazo zina vitamini K kwa wingi, sasa anakunywa uji mtupu kwa siku nne. Homa nayo huufanya mwili utumie kwa kasi zaidi protini za kugandisha damu. Kwa hiyo INR inaweza kupanda kwa sababu ya ugonjwa, hata kabla ya kiuavijasumu kumezwa.

Ni dawa zipi za kuangaliwa zaidi?

Viuavijasumu vyote havina uzito sawa katika suala hili. Vinavyotajwa kwanza katika orodha ya hatari ni viwili ambavyo pia ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana nchini.

Cha kwanza ni kotrimoksazoli, inayofahamika na wengi kwa jina la Septrin. Hiyo hukizuia moja kwa moja kimeng'enya kikuu kinachoivunja wafarini. Utafiti uliofanywa kuhusu wazee wa mkoa wa Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa waliokuwa wakitumia wafarini na wakapewa kotrimoksazoli walikabiliwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi wa kulazwa hospitalini kwa sababu ya kuvuja damu tumboni.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa Kenya, kwa sababu kwa miaka mingi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamekuwa wakipewa kotrimoksazoli kila siku ili kuzuia maambukizi nyemelezi. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kutumia wafarini, mradi dozi yake ipangwe kwa kuzingatia dawa zote mbili. Hatari humjia anapoianza kotrimoksazoli, au anapoiacha, bila kliniki inayompima damu kuarifiwa.

Cha pili ni metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl na huinunua kila tumbo linapochafuka. Watafiti walithibitisha tangu miaka ya 1970 kwamba dawa hii huongeza makali ya wafarini. Mtu anayeinywa kwa kudhani ana ameba, bila kupimwa choo, anaweza kujitakia balaa kwa ugonjwa ambao pengine hana.

Dawa ya kutibu kuvu iitwayo flukonazoli, ingawa si kiuavijasumu cha bakteria, imo katika kundi hilo la hatari. Wanawake wengi hupewa dawa hiyo wanapotibiwa maambukizi ya ukeni, wakati mwingine pamoja na metronidazoli.

Zinazofuata ni siprofloksasini na levofloksasini, ambazo hutumiwa kutibu maambukizi ya mkojo na homa ya matumbo, pamoja na erithromisini na klarithromisini, zinazotibu magonjwa ya kifua. Athari zake hutofautiana kati ya mtu na mtu, ila zinatosha kumfanya daktari aagize kipimo cha ziada.

Amoksilini, azithromisini na doksisiklini kwa kawaida huwa na athari ndogo zaidi. Hata hivyo, kumeripotiwa wagonjwa ambao INR yao ilipanda walipozitumia, hasa wazee na waliokuwa wakipewa dozi kubwa. Kwa hivyo neno "ndogo" lisichukuliwe kumaanisha "hakuna".

Dawa zinazovuta upande wa pili

Si kila mgongano unaosababisha kuvuja damu. Zipo dawa zinazoidhoofisha wafarini na kumwacha mgonjwa bila kinga dhidi ya mabonge ya damu.

Inayojulikana zaidi ni rifampisini, mojawapo ya nguzo za matibabu ya kifua kikuu. Badala ya kuvizuia vimeng'enya vya ini, rifampisini huvichochea viongezeke. Wafarini huvunjwa kwa kasi kubwa, na mgonjwa anaweza kuhitaji dozi iliyo mara mbili hadi mara tano ya ile aliyoizoea ili INR yake ibaki mahali pake.

Mtego mkubwa umo mwishoni. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mgonjwa anapomaliza, hufurahi na kwenda zake. Vimeng'enya vilivyochochewa hupungua polepole katika wiki kadhaa zinazofuata, ilhali yeye angali anameza ile dozi kubwa ya wafarini. Pole pole INR inapanda, na anaweza kuvuja damu zaidi ya wiki mbili baada ya kuagana na kliniki ya kifua kikuu.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayemaliza rifampisini anafaa kupimwa damu mara kwa mara, jinsi tu alivyopimwa alipoianza. Flukloksasilini, inayotumiwa kutibu majipu na vidonda vya ngozi, nayo inaweza kuishusha INR, ingawa si kwa nguvu kama rifampisini.

Dawa za maumivu nazo zimo

Mara nyingi kiuavijasumu hakiuzwi peke yake. Anayekwenda dukani akiwa na jino linalouma hufungiwa katika bahasha moja metronidazoli, amoksilini na diklofenaki au ibuprofeni ya kutuliza maumivu.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuchubua utando wa tumbo, na pia hupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikamana. Mgonjwa wa wafarini anayezimeza pamoja na metronidazoli amejiongezea hatari kutoka pande mbili: tumbo liko tayari kupata kidonda, na damu haiko tayari kuganda.

Parasetamoli ndiyo hupendekezwa kwa wagonjwa hawa. Hata hiyo ikimezwa kwa dozi kubwa kwa siku nyingi mfululizo inaweza kuipandisha INR, hivyo yafaa itumiwe kwa kiasi kilichoelekezwa. Miti shamba, ambayo viungo vyake aghalabu havijulikani, nayo inapasa kutajwa mbele ya daktari bila haya.

Je, dawa mpya zimeondoa tatizo?

Katika miaka ya hivi karibuni kumeingia dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zikiwemo rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Hazihitaji kipimo cha INR cha mara kwa mara, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza dawa za aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo, dawa hizo hazifai kwa watu wenye vali za chuma. Utafiti wa dabigatrani kwa wagonjwa wa aina hiyo ulisitishwa, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo walipata mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko waliopewa wafarini. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kuwa dawa za kundi la wafarini ziliwafaa zaidi kuliko rivaroksabani watu wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi na ambao moyo wao hupiga bila mpangilio.

Isitoshe, dawa hizo mpya nazo hugongana na viuavijasumu. Klarithromisini huweza kuongeza kiasi chake mwilini, na rifampisini hukipunguza mno. Kwa kuwa hazipimwi kwa INR, mgongano huo hauonekani kwa urahisi.

Mambo ya kufanya

Wataalamu wanapendekeza hatua chache ambazo hazigharimu pesa nyingi, lakini zinaweza kuokoa maisha.

Kwanza, mgonjwa aseme. Kila anapokutana na daktari, muuguzi, daktari wa meno au muuzaji wa dawa, neno lake la kwanza liwe kwamba anatumia wafarini. Afadhali zaidi atembee na kijitabu chake cha kliniki au kadi yenye jina la dawa, dozi na INR ya mwisho, ili hata akizirai barabarani wanaomsaidia wajue.

Pili, asinunue viuavijasumu bila agizo la daktari. Sheria za nchi zinazitaka dawa hizi zitolewe kwa agizo, ingawa si siri kwamba maduka mengi huziuza kama peremende. Kwa mtu mwingine kosa hilo huchangia usugu wa bakteria, lakini kwa mgonjwa wa wafarini laweza kumgharimu maisha katika wiki moja.

Tatu, apimwe INR kwa wakati. Kwa kawaida inashauriwa kipimo kifanywe siku ya tatu hadi ya tano baada ya kuanza kiuavijasumu, na kirudiwe baada ya kukimaliza. Kwa dawa kali kama kotrimoksazoli na metronidazoli, baadhi ya madaktari hupunguza dozi ya wafarini tangu mwanzo, au huchagua kiuavijasumu kingine kisicho na mgongano mkubwa.

Nne, asijikatie dozi. Mgonjwa anayeogopa mgongano na kuiacha wafarini kwa wiki nzima anaweza kuponea kuvuja damu na badala yake apatwe na kiharusi. Vivyo hivyo, asiache kiuavijasumu katikati. Mabadiliko yote yafanywe na daktari.

Tano, azijue dalili za hatari. Hizo ni pamoja na damu ya puani au ya ufizi isiyokoma, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia, kinyesi cheusi au chenye damu, kutapika damu au vitu vinavyofanana na masimbi ya kahawa, hedhi nzito kupita kawaida, na mavilio ya damu kwenye ngozi yasiyo na sababu. Maumivu makali ya kichwa yanayozuka ghafla, kizunguzungu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili havifai kungoja hadi asubuhi. Aliyeanguka na kugonga kichwa pia apelekwe hospitalini mara moja, hata kama anajihisi mzima.

Akifika mapema anaweza kusaidiwa. Vitamini K hutumiwa kuyapunguza makali ya wafarini, na anayevuja damu sana huongezewa plazma au protini za kugandisha damu.

Jukumu si la mgonjwa pekee

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa, lakini mgongano huu hutokea hasa kwa sababu huduma zake zimegawanyika. Kliniki ya moyo iko katika hospitali kubwa mjini, kifua kikuu kinatibiwa katika kituo cha afya cha mtaani, na maumivu ya jino yanatulizwa dukani. Kila mahali pana faili yake, na wafarini imeandikwa katika moja tu.

Kuna mifano ya jinsi pengo hilo linavyoweza kuzibwa. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kliniki maalumu ambapo wafamasia ndio waliopewa kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa wafarini, kuwapima INR, kurekebisha dozi na kuwaelimisha kuhusu vyakula na dawa nyingine.

Si kila kaunti iliyo na kliniki ya namna hiyo, na wapo wagonjwa wanaosafiri mwendo mrefu na kulipa nauli kubwa kwa sababu ya kipimo kimoja cha damu. Kwa watu hao, kuambiwa warudi baada ya siku tatu ni mzigo, na ndiyo maana wengi hawarudi. Daktari anayemwandikia kiuavijasumu mgonjwa wa aina hii anafaa kuuliza pia atapimwa wapi, na kama hapana mahali, achague dawa isiyo na mgongano mkubwa.

Mwenye duka la dawa naye ana nafasi yake. Swali moja tu, "Je, kuna dawa nyingine unayotumia?", huchukua sekunde chache. Likiulizwa kila mara kabla ya pakiti kutoka kwenye rafu, mgonjwa mwenye vali ya chuma atapata nafasi ya kukitaja kidonge chake cha jioni.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa anayetumia wafarini, msemo huo unahusu pia dawa iliyomo mkobani mwake: aitaje kila aendako, hata asipoulizwa.